Gari Lililosubiri Farasi Apite

Asubuhi ya mashindano ya mikuki, Loredana alipika wali mapema ili upoe kabla ya mchana. Aliuchanganya na zeituni, njegere na vipande vya jibini, akautia kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko. Kisha akaisukuma meza ya jikoni hadi ukutani, akanyoosha mikono miwili kupima nafasi iliyobaki, akaona machela itapita. Mwisho akaweka mto mdogo sakafuni, kati ya sinki na jiko, mahali ambapo mama yake huanguka.

Mama yake, Ersilia, alikufa miaka minne iliyopita, siku ya mashindano. Tangu hapo, kila mwaka siku hiyo, alasiri, birika la kahawa huanza kunguruma jikoni bila mtu kuliteleka, na Ersilia huwa pale sakafuni na aproni yake ya bluu, amelala ubavu, anapumua. Anapumua kwa muda ule ule aliopumua mara ya kwanza, halafu anaacha.

Daktari wa mji alishakuja kumpima. Alisema ni moyo, kama mara ya kwanza, na kwamba hospitali ya bondeni wanauweza moyo wa namna ile kama mgonjwa atafika mapema. Mwaka wa kwanza wanaume wa mtaa walijaribu kumbeba wenyewe. Hakuinuka. Alikuwa mzito kama ukuta wa nyumba. Kwa hiyo kilichotakiwa ni gari la wagonjwa, na gari lenyewe lipo, nalo huja kila mwaka. Shida ni kwamba halipiti.

Nazzareno, mume wa marehemu, alikuwa chumbani akipigana na soksi. Mshika mnyororo wa uwanja, anayefunga barabara farasi wakikimbia, huvaa kama watu wa kale: koti la mahameli, kofia yenye unyoya, na soksi ndefu za kubana zinazofika kiunoni, mguu mmoja wa njano na mwingine wa bluu. Ersilia ndiye aliyezishona. Nazzareno alikuwa fundi wa kujenga kwa matofali, magoti yake yaliishia kwenye sakafu za watu, na soksi hazikutaka kupanda.

"Kaa kitandani, Baba," Loredana alisema. "Utaanguka, tuwe na wagonjwa wawili."

"Wa njano ni mguu upi?"

"Kushoto. Kila mwaka ni kushoto."

"Kila mwaka wapi? Miaka mitatu sijazivaa. Hawa walinivua."

Hawa ni meya na kamati yake. Nazzareno hakuwa na haja ya kuwataja majina. Katika nyumba ile, ukisikia hawa, umeshajua.

Noemi, binti wa Loredana, aliingia na upanga wa mbao mkononi, akamtazama babu yake kuanzia chini kwenda juu.

"Babu, una miguu ya kuku."

"Kuku wa nani?"

"Kuku wa Mtaa wa Lango."

"Hapo sasa umenitukana," Nazzareno alisema, na Noemi akafurahi, maana Lango ni mahasimu wao, na tusi ndilo alilotaka.

Kisha mtoto akauliza kama leo Bibi atakwenda hospitali.

"Leo mnyororo anao Babu," Loredana alijibu.

"Kwa hiyo anakwenda."

"Anakwenda," alisema Nazzareno. "Mimi si kama hawa."

Juu ya kabati palikuwa na kitambaa chekundu. Loredana alikuwa amekipiga pasi na kukikunja mara nne, kimekaa kama leso mpya ya dukani. Alikichukua.

"Na hiki ni cha nini, Baba?"

"Cha kufutia jasho."

Loredana alikichomeka kwenye mkanda wa baba yake, upande wa kulia, wala hakuuliza tena.

Mji wa Castelvago una barabara moja tu ya kupanda na kushuka. Zamani mashindano yalifanyika chini, kwenye shamba lililo kando ya mto, na watu walipigwa jua lakini hawakuzibiana njia. Meya ndiye aliyeyapandisha juu, ili mnara utokee kwenye picha za wageni. Na kwa kuwa mlimani hakuna ardhi tambarare isipokuwa barabara yenyewe, siku ya mashindano barabara humwagiwa udongo na mchanga, ikawa uwanja. Nyumba zote za juu, ikiwemo ya Nazzareno, hubaki upande wa pili. Barabara ya kuzunguka nyuma ya mlima iliahidiwa mwaka ule ule. Vigingi vya kupimia vilichomekwa msituni, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuvitazama tena, vimeota mizizi na majani, na vingine sasa vinazaa. Meya na kamati yake wanaishi bondeni, mtaa mmoja na hospitali.

Utaratibu wa uwanja ni huu. Ngoma ya kwanza, watu wakae. Ngoma ya pili, kwa kila farasi, mnyororo ufungwe na injini zizimwe. Ngoma ya tatu, kimya, farasi atoke. Kati ya ngoma ya pili na ya tatu, mshika mnyororo akiona kuna haja, anainua kitambaa chekundu. Hapo mpanda farasi anarudi nyuma, mnyororo unashushwa, kinachotaka kupita kinapita, na mambo yanaanza upya. Jambo hili halizungumzwi sana kwa sababu kitambaa hakijawahi kuinuliwa. Farasi akisogezwa mstarini halafu akarudishwa, damu yake inapoa, anakasirika, na akipelekwa tena hukimbia kama punda wa kuni. Mtaa ambao farasi wake amerudishwa umeshindwa.

Ukimuuliza mtu wa Castelvago Ersilia alikufaje, atakwambia kanuni za meya ndizo zilizomuua. Nazzareno husema hivyo pia, na husema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mkwe wake Mirko, mume wa Loredana, alikuwa mstarini kwa niaba ya mtaa wao, Mtaa wa Tanuri, ambao ulikuwa haujashinda tangu Loredana akiwa mtoto. Ngoma ya pili imeshapigwa. Gari la wagonjwa likafika kwenye mnyororo kutoka bondeni, taa inazunguka, king'ora kimezimwa kwa heshima ya farasi. Dereva, Settimio, jirani yao, alishusha kioo akasema, "Reno, tupishe, kuna mtu juu." Nazzareno akamjibu, "Farasi mmoja tu." Hakuuliza ni nani huyo mtu wa juu. Alitaka kuona kidogo tu. Mirko alipiga katikati ya ngao, Tanuri wakashinda, mnyororo ukashushwa, na gari likapanda hadi mlangoni kwa Nazzareno. Padri aliombwa asipige kengele ya msiba mpaka watu wamalize keki za ushindi.

Mwaka uliofuata gari lilirudi. Lilikuwa lile lile, na mkunjo ule ule kwenye bampa, muuguzi yule yule anatafuna ubani, na Settimio kwenye usukani. Settimio mwenyewe wakati huo alikuwa ameshastaafu na alikuwa jukwaani akila mkate wa nyama ya nguruwe. Aliinua mkono kujisalimia, na yule wa kwenye gari akainua wake pia. Hawakuwa na mengi ya kuambiana.

Kamati ilikutana juu ya suala hilo. Meya alisema gari lile haliko kwenye ratiba. Mfamasia, ambaye siku ya mashindano huwa Mkuu wa Uwanja na huvaa upanga wa kweli, alisema kanuni hazitofautishi gari la mwaka huu na gari la mwaka jana. Uaskofu uliulizwa, ukajibu kwamba masuala ya barabara ni ya serikali. Mnyororo ukabaki kwa Palmiro, askari wa manispaa aliyepewa baada ya mazishi, mtu asiyemfungulia hata mama yake mzazi bila amri kutoka juu. Miaka mitatu Palmiro alisimama pale, na miaka mitatu gari lilingoja.

Nazzareno alikaa baa miaka yote mitatu. Alikuwa akisema jambo moja.

"Nipeni mimi mnyororo. Nipeni siku moja, muone kama mke wangu atafia sakafuni. Hawa wanaogopa kuniachia kwa sababu wanajua nitafungua."

Watu walimnunulia mvinyo. Hakuna aliyemkumbusha kwamba aliwahi kupewa.

Mwaka huu kamati ilimpa. Palmiro alikuwa na ugonjwa wa ngiri, na meya alikuwa na uchaguzi. Mfamasia ndiye aliyemkabidhi, mbele ya kanisa, wakati farasi wanasubiri kubarikiwa.

"Mnyororo, Reno. Na kitambaa unacho?"

"Ninacho."

"Kazi yake unaijua."

"Niliijua kabla wewe hujaanza kuuza vidonge vya kikohozi."

"Basi," alisema mfamasia. "Mimi sitakuzuia. Ila kiinue kabla ya ngoma ya tatu. Baada ya hapo hata Baba Mtakatifu hapiti."

Farasi waliingizwa kanisani mmoja mmoja, kama kawaida. Padri alimrushia kila mmoja maji ya baraka, akamwambia aende na arudi mshindi. Aliwaambia hivyo wote wanne. Mirko alitoka akiwa amemshika hatamu Brina, farasi jike wa kijivu, mwembamba wa miguu, mwenye hasira za karibu. Alimsogelea baba mkwe wake, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Baba, nikuambie kitu," Mirko alisema. "Ukitaka kuinua, inua. Mimi nitarudi nyuma bila neno."

"Na Brina?"

"Brina atagoma. Agome. Ni farasi."

"Mtaa utakula nyama yako."

"Wataila na mkate. Miye nimekwambia."

Nazzareno alimpiga mkwe wake begani mara mbili, kama anavyopigwa mtu aliyesema jambo zuri.

Familia ilikula kwenye ngazi za chemchemi, kama familia zote. Loredana aligawa wali kwenye sahani za karatasi. Noemi alipigana na watoto wa Mtaa wa Lango kwa upanga wa mbao, akarudi na kidole kimevimba na habari kwamba amewaua wote. Settimio, yule wa jukwaani, alileta nusu ya tikitimaji. Watu wa Tanuri walipopita walimsalimia Nazzareno na kusimama kidogo, miguu ikichezacheza.

"Mzee Reno, tumesikia leo unao wewe."

"Ninao."

"Vizuri. Haki yako. Ersilia alikuwa mtu wa watu." Wakatazamana. "Sasa, haiwezekani gari lije wakati wa farasi wa Lango? Ukiwarudisha wale, nani atalia?"

"Linakuja lilipokuja," alisema Nazzareno. "Mimi silipangii."

"Ah, tunaelewa. Tunauliza tu."

Mama mmoja wa makamo, mwokaji mikate wa mtaa, alimwekea Nazzareno keki ya mlozi mapajani na kumwambia kwamba yeye hana neno, afanye moyo wake unavyomtuma, ila ajue tu kwamba mwaka huu Lango wameshaagiza meza za karamu. Kisha akaondoka.

Alasiri ngoma ya kwanza ilipopigwa, Loredana alijifuta mikono, akampa Settimio mtoto.

"Mimi napanda kwa Mama," alisema. Akamtazama baba yake. "Mlango nimeuacha wazi. Meza nimeisogeza."

"Nimeona."

"Basi tutakungoja."

Alipanda mlima kwa njia ya ngazi akiwa ameshika sahani ya wali iliyofunikwa, kwa sababu mwaka jana mama yake alifumbua macho kidogo, na haijulikani, huenda akala.

Mashindano ni jambo rahisi kueleza. Mwisho wa uwanja amesimama Mtu wa Mti, sanamu mwenye ngao mkono wa kushoto na mjeledi wa mipira ya ngozi mkono wa kulia, juu ya mhimili unaozunguka. Mpanda farasi anakuja mbio na mkuki, anaipiga ngao, ambayo imebandikwa karatasi ya shabaha. Akipiga katikati, pointi nyingi. Akipiga pembeni, chache. Akiwa mzito wa kukwepa, Mtu wa Mti anageuka na kumcharaza mgongoni, na mitaa mingine mitatu inacheka hadi jioni. Alasiri ile Mtaa wa Kisima walicharazwa. Mtaa wa Mnara walipiga pembeni. Mpanda farasi wa Lango, kijana mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, alipiga karibu na katikati, na jukwaa la Lango likasimama lote.

"Tanuri, mnapanda farasi kama mnapanda ngazi," kelele zilitoka upande ule.

"Nyie mnapanda kama mmekopeshwa," Tanuri walijibu.

Halafu wakatulia, kwa sababu aliyebaki alikuwa Mirko. Pembeni ya ngao isingetosha. Ilitakiwa katikati.

Ngoma ya pili ilipigwa. Nazzareno alifunga ndoano ya mnyororo kwenye pete ya ukutani, akasimama na mguu wake wa njano mbele. Huko juu, kwenye dirisha la jikoni lililo wazi, birika la kahawa lilianza kunguruma. Lilisikika hadi uwanjani. Watu wachache walifanya ishara ya msalaba, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Gari la wagonjwa lilifika kutoka bondeni. Taa inazunguka, king'ora kimya. Lilisimama hatua chache kutoka kwenye mnyororo, na kioo kikashuka.

"Reno, tupishe," alisema Settimio wa kwenye gari. "Kuna mtu juu."

"Najua," alisema Nazzareno. "Ni Ersilia."

Dereva hakuonyesha kushtuka. Labda hakuwahi kuambiwa jina. Muuguzi aliacha kutafuna.

"Basi fungua, ndugu yangu."

"Nafungua sasa hivi."

Dereva alitia gia. Nazzareno alipeleka mkono wa kulia kwenye mkanda, akakigusa kitambaa. Kilikuwa laini, bado kina harufu ya pasi. Muda ulikuwepo. Mirko alikuwa hata hajafika mstarini, alikuwa akimzungusha Brina polepole, na alikuwa anamtazama baba mkwe wake moja kwa moja, uso umetulia, anangoja kuambiwa arudi.

Hapo mtu wa Lango aliita kutoka jukwaani, kwa sauti ya kubembeleza kabisa.

"Inua hicho kitambaa, Babu Reno. Inua, bendera ya ushindi ije kwetu. Tumekuwekea kiti mezani."

Jukwaa la Lango lilicheka. Jukwaa la Tanuri lilisimama. Mwokaji mikate alikuwa ameshika mikono ya jirani zake wa pande zote mbili. Wote walimtazama Nazzareno, watu aliowajengea nyumba na mabanda ya kuku, na macho yao hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa ya kuomba tu.

Nazzareno aliwaza juu ya wakubwa. Aliwaza kwamba kama meya angejenga ile barabara ya nyuma, yeye asingekuwa amesimama pale na kitambaa. Jambo hilo lilikuwa kweli. Aliliwaza lote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kulikuwa bado na muda.

Brina alifika mstarini. Alikuwa ametulia kuliko Nazzareno alivyowahi kumwona, masikio mbele, mguu wa kushoto umetangulia kidogo. Farasi akianza na mguu wa kushoto kwenye uwanja ule, anafika kwenye ngao akiwa amenyooka. Kila mtu wa Castelvago anajua hivyo. Siku ile ya kwanza pia alianza na wa kushoto. Nazzareno alitaka kuona kama ataubadilisha. Alitaka kuona kidogo tu, halafu ainue.

Ngoma ya tatu ikapigwa.

Brina alitoka. Hakuna sauti mjini isipokuwa kwato na birika la kahawa. Mirko alishusha mkuki taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, na Mtu wa Mti alipozunguka, mjeledi wake ulipita hewani bila kugusa kitu. Kipande cha karatasi ya shabaha kilibaki kwenye ncha ya mkuki, na hata wale wa mbali waliona kwamba ni kile kidogo cha katikati.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Moja ilikuwa karibu sana, ya mtu mzima, inakwaruza, na Nazzareno aligeuka kutazama ni nani anayepiga kelele namna ile karibu na gari la wagonjwa. Ilikuwa sauti yake. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu.

Alipoishusha, birika lilikuwa limenyamaza.

Settimio wa kwenye gari alizima injini kidogo, kama alivyofanya kila mwaka, akavua kofia na kuivaa tena.

"Haya, Reno," alisema bila ubaya. "Hongera kwa farasi."

Akapandisha kioo, akarudi nyuma hadi kwenye kona ya kiwanda cha zamani cha vigae, na hapo gari likawa halipo. Jukwaani, Settimio mwingine alikuwa amempakata Noemi na anamwonyesha jinsi mkono wa kuagana unavyopungwa.

Meya alishuka na mkufu wake wa kazi kifuani, akamkumbatia Nazzareno mbele ya wapiga picha.

"Nidhamu," alisema. "Watu kama wewe ndio wanaobeba mji huu. Mwakani mnyororo ni wako, sitaki ubishi. Na ile barabara ya nyuma, bajeti ijayo tunaitazama."

"Mnasema hivyo kila mwaka," alisema Nazzareno.

"Na tunaitazama kila mwaka," alisema meya.

Bendera ya hariri ilipitishwa mtaani. Mirko alibebwa mabegani. Alipopita karibu na baba mkwe wake aliinamisha kichwa kumtazama, akitaka kusema kitu au kusikia kitu, lakini waliombeba walikuwa na haraka.

Noemi alikuja mbio na upanga wake.

"Babu, tumeshinda. Baba amepiga katikati." Akatazama barabara iliyoteremka bondeni, tupu. "Bibi hajaenda?"

"Wamezuia," alisema Nazzareno.

"Nani?"

"Wakubwa."

Mtoto alikubali. Ni jibu alilolisikia nyumbani maisha yake yote, na halijawahi kumpungukia.

Loredana alishuka kwa ngazi jua likiwa limeinama. Alikuwa ameosha birika, ameosha uso, amebadilisha blauzi. Sahani ya wali alikuwa nayo, bado imefunikwa. Alikaa kwenye jiwe karibu na mnyororo, mbele ya baba yake, na kwa muda walitazama watu wakipanga meza za karamu.

"Mama amefumbua macho kabisa safari hii," alisema. "Amesikia kelele. Akaniuliza kama tumeshinda."

Nazzareno alikuwa akisugua goti la bluu.

"Nikamwambia ndiyo. Amefurahi. Akasema, na baba yako yuko wapi? Nikamwambia yuko kwenye mnyororo. Akasema haya, mwache aone."

Kwaya ya mtaa ilikuwa inajaribu sauti. Mtu alipitisha pipa la mvinyo kwa mkokoteni, akaomba njia, wakamwachia.

Loredana alinyoosha mkono, akakichomoa kitambaa chekundu kwenye mkanda wa baba yake. Kilikuwa bado kimekunjwa mara nne, na mistari ya pasi imesimama kama alivyoipiga. Loredana ameolewa na mpanda farasi. Kazi ya kitambaa kile aliijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Hukutoka jasho leo, Baba," alisema.

Akakiweka juu ya goti lake la njano, akaenda kumtafuta mtoto.

Jioni ile tangazo la kifo cha Ersilia lilionekana kwenye ukuta wa duka la mikate, chini ya bango la mashindano, kama kila mwaka. Jina, umri, saa ya mazishi, Bikira Maria kwenye kona, gundi bado mbichi. Watu waliokuwa wakielekea karamuni walisimama mbele yake, wakavua kofia, wakaendelea. Padri alisubiri keki ziishe ndipo akapiga kengele.

Nazzareno aliwekwa meza ya mbele, kati ya Mirko na mfamasia. Mvinyo ulipozunguka mara ya pili alianza kusema. Alisema mwaka huu angefungua, alikuwa tayari, mkono ulikuwa kwenye kitambaa, lakini hawa wamepanga ngoma zikaribiane makusudi, na hawa ndio waliojenga uwanja juu ya barabara, na hawa ndio waliomuua mke wake mara tano sasa. Mfamasia, ambaye ni mmoja wa hawa, alitikisa kichwa kukubali na kumjazia glasi. Mirko alikuwa anatazama sahani. Hakuna mezani aliyebisha. Wote walikuwa wamekula.

"Mwakani," alisema Nazzareno.

"Mwakani," walisema wote.

Loredana alirudi nyumbani mapema kumlaza Noemi. Aliukung'uta mto mdogo na kuurudisha kwenye kochi. Aliikunja aproni ya bluu, ambayo hubaki sakafuni kila mwaka, akaiweka kwenye droo pamoja na nyingine nne. Kisha akaishika meza kwa kona zake na kuivuta hadi katikati ya jiko, ilipokuwa, kwa sababu asubuhi watu wangetaka kunywa kahawa.